Kishi ya Meza ya Mlangoni

Siku ya kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Barbara, yule mtakatifu wa wachimba madini, Marcelline Thouvenin alikuwa amepiga magoti bustanini kwake anang'oa liki, vile vitunguu vya majani marefu. Baridi ilikuwa imeshika ardhi, mikono imemwiva wekundu, na liki yenyewe haitaki kutoka.

Liki ukitaka iwe na shina jeupe refu unaipanda mtaroni, halafu kila ikichungulia unaifukia, ikichungulia unaifukia, mpaka yabaki masikio ya majani tu juu. Pale Hautmoncel watu wanashindana kwa hilo, mwenye liki nyeupe ndefu anatembea kanisani kifua mbele. Sasa Marcelline mwaka ule alikuwa amezidisha. Mtaro alichimba mpaka jembe likawa linalia kwenye yale mawe mekundu ya chuma, mawe ambayo ndiyo yaliwaleta babu zao wote pale kijijini, na chini ya mawe hayo ndiko ulikokuwa mgodi. Basi akavuta, akavuta, liki ikaja na mizizi mirefu imejaa vumbi jekundu.

"Hiyo ni liki au kamba ya kisima?" aliuliza Ghislaine, jirani yake, ameegemea ua.

"Wivu huo, shoga."

"Wivu wa nini? Mimi kishi naijua ni pai ya mayai, krimu na nyama. Ukitia majani hicho ni chakula cha sungura."

"Basi kesho usile."

"Nitakula. Sungura nao ni watu."

Wakacheka, lakini Ghislaine akaangalia pembeni, maana alijua amegusa pabaya.

Mambo yenyewe ni hivi. Zamani kila Desemba kampuni ya mgodi ilikuwa inawapa wajane wa waliokufa shimoni nguruwe mmoja wagawane. Ndiyo ilikuwa pole yao. Wajane wakawa wanamkausha kwa moshi, na sikukuu ya Barbara wanatia vipande vyake kwenye kishi, wanakaa kwenye meza ndefu pale ukumbini, karibu na jiko la makaa, kijiji kizima kinasimama kuwaheshimu. Wengine wote wanakaa popote. Nguruwe aliacha kuja siku nyingi, na kampuni yenyewe ikafunga mgodi, ikabaki ofisi moja tu mjini ya kutunza funguo. Lakini desturi haijui kama mwenyewe ameshahama. Mpaka leo watoto na wajukuu wa waliokufa ndio wanaokaa meza ndefu na kishi zao za nyama.

Marcelline alikuwa anakaa meza ya mlangoni. Baba yake, Anselme, alishuka shimoni na zamu ya asubuhi, Marcelline akiwa bado ananyonya kidole, na hakurudi. Kampuni ikasema Anselme alipanda juu na wenzake, akaoga, akatoka getini, akaonekana anashika njia ya Ubelgiji na mwanamke. Mwanamke gani, hakuna aliyesema. Mama yake, Léonie, akachukua viatu vya Jumapili vya mumewe akavitupa mtoni, na tangu siku hiyo mpaka anazikwa hakulitamka tena jina lile. Kishi yake akawa anaipika bila nyama, kwa sababu nyama ilikuwa ya wajane, na yeye hakuwa mjane, alikuwa mke wa mtoro. Alitia liki, karoti na spinachi. Shuleni Marcelline walimwita Mbelgiji. Alipofika umri wa kuitwa bibi bado wapo waliomwita hivyo, ila kwa sauti ya chini.

Haya. Akaingia jikoni.

Kwanza alitengeneza ganda. Siagi iwe baridi, uivunjevunje ndani ya unga kwa ncha za vidole, haraka, maana kiganja kina joto na siagi ikishajua kuna joto inalegea. Akatia chumvi, yai moja, maji kidogo, akalikusanya donge, akalifunga kitambaa, akaliweka dirishani lipumzike. Akamenya karoti. Akaosha spinachi. Liki akazipasua katikati kuondoa mchanga, akazikatakata, akazitia kwenye sufuria na siagi, moto mdogo, mfuniko juu. Liki haitaki kuungua, inataka kulainika polepole.

Zilipoanza kulainika zikaanza kuongea.

Marcelline alifikiri ni redio ya jirani. Akafunua mfuniko, sauti ikazidi. Alikuwa mwanamume anauliza nani amekalia koti lake. Mwingine akamjibu kwamba akitaka koti aache kukoroma. Wa tatu akasema maneno ya Kitaliano. Marcelline akapunguza moto, akachungulia dirishani.

"Ghislaine! Hebu njoo. Liki zangu zinaongea."

Ghislaine akaja na aproni yake, akainamisha sikio juu ya sufuria.

"Umezitia chumvi?"

"Bado."

"Zitie. Kabichi za mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, zilikuwa zinapiga miluzi, zikapoa kwa chumvi." Akasikiliza tena. "Lakini hawa ni wachimbaji, shoga. Wanataja taa. Na huyu mmoja ni Mtaliano. Ngoja nikamwite mzee Ottavio."

Mzee Ottavio Brunelli ndiye mchimbaji mkongwe kuliko wote waliobaki, mapafu yake yakipumua unasikia kama mlango wa ghala. Akaja na fimbo yake, wakampa kiti karibu na jiko. Akasikiliza kwa muda, kofia mapajani.

"Huyu ni Nazzareno," akasema. "Binamu yangu. Anadai sigara yake."

"Si alirudi kwao Italia?" Ghislaine akauliza.

"Kampuni ndiyo ilisema amerudi. Mama yake huko aliambiwa bado yuko huku. Na huyo mwenye mafua, mnamsikia? Huyo ni yule Mpolandi aliyesemwa ameenda Amerika." Akatikisa kichwa. "Kampuni ilikuwa na huruma sana, binti zangu. Kila mtu ilimtafutia nchi ya kukimbilia."

Marcelline alikuwa na mwiko mkononi. Zile liki zikatoa mvuke kidogo, kisha ikasikika sauti ya mtu mwingine, ya upole, ya mtu wa palepale Hautmoncel, anavyovuta maneno yake mwishoni kama wanavyovuta watu wa upande wa kanisani.

"Anayetangulia kupanda amwambie Léonie nitachelewa kidogo. Asiimwage supu."

Marcelline akachukua chumvi, akatia kwenye liki. Halafu akasahau kama ametia, akatia tena.

"Huyo ndiye," Ottavio akasema.

"Najua," Marcelline akasema.

Hakuijua sauti ile, angeijulia wapi. Lakini tangu azaliwe hakuna mwanamume aliyelitaja jina la mama yake kwa namna ile, kama mtu anayeshika kikombe chake mwenyewe.

Sasa likaja suala la kishi. Ghislaine akasema aache palepale, asipike, sufuria ibebwe kama ilivyo mpaka ukumbini watu wasikie. Ottavio akasema liki ikipoa kwenye siagi inanyamaza, yeye anasikia sauti zimeshaanza kufifia. Na ukipika je? Ukizitia mayai na krimu, ukazisukuma kwenye oveni, si unawaziba midomo kabisa?

"Nikiwapika wakanyamaza," Marcelline akasema, "nitakuwa nimemnyamazisha mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Na usipowapika?"

"Kesho watakuwa liki za jana."

Akaenda kuchukua donge lake dirishani. Akalisukuma, akalitandika kwenye chombo, akalitoboatoboa kwa uma, akatandika karatasi na maharage makavu juu, ganda likaokwa tupu kwanza ili lisinywe maji. Akavunja mayai, akapiga na krimu, akakuna kungumanga. Jibini hakutia, jibini kwenye kishi ni mambo ya watu wa mjini. Akapanga karoti na spinachi, wala hizo hazikusema kitu, mizizi yake ni mifupi. Mwisho akamimina liki. Nazzareno bado alikuwa anadai sigara. Akamwaga mayai na krimu juu yao taratibu, kama unavyomfunika mtoto blanketi, na sauti zikazama moja moja. Ya upole ndiyo ilizama mwisho.

Kishi ikaumuka, ikashika rangi. Ikatoka. Akaweka sikio juu yake, joto likamchoma shavu. Kimya.

"Labda wamelala," Ghislaine akasema.

Kesho yake ukumbini jiko la makaa lilikuwa limewashwa tangu asubuhi, na divai imeshaanza kuzunguka. Meza ndefu ilikuwa imejaa. Kwenye kichwa cha meza alikaa Clothilde Pierrard, ambaye mumewe alidondokewa na jiwe, na baba yake vilevile, na kwa hiyo meza ile alikuwa anaitawala kama jiko lake. Alipomwona Marcelline anaingia na chombo chake, kimetoka kupashwa moto tena nyumbani, akapaza sauti.

"Mbelgiji wetu huyo! Funga mlango nyuma yako, mama, usituletee baridi ya kwenu."

Watu wawili watatu wakacheka. Marcelline akafunga mlango. Akakaa mahali pake, na Ghislaine akamsogelea, na mzee Ottavio, ambaye kwa ukongwe wake alipewa mahali meza ndefu, akaja na kiti chake akakaa hapo mlangoni bila maelezo.

Alikuwepo pia kijana wa ile ofisi ya funguo, Bwana Vasseur, kijana mwenye adabu, amevaa skafu nzuri. Alitumwa aje aseme kwamba mwaka mpya ukiingia pampu za mgodi zitazimwa, maji yapande yenyewe, maana kuvuta maji ya shimo lisilotoa kitu ni hasara. Aliposema watu walimpigia makofi kidogo ya heshima. Hakuwa na mahali pa kukaa, Marcelline akamwambia, "Kaa hapa, mwanangu. Huku ndiko kuna nafasi."

Akachukua kisu. Ghislaine akamshikia chombo.

"Kata, shoga. Ni kishi tu."

Akakata. Mvuke ukatoka mwembamba, na kwenye mvuke ule sauti ya Mpolandi ikapiga chafya.

"Afya," akasema Bwana Vasseur, akidhani ni Ottavio.

Kisha wakasikika wote, wazi, siyo kwa nguvu, kama watu walioketi chumba cha pili. Ukumbi ukanyamaza kuanzia mlangoni kwenda mbele, meza kwa meza, mpaka kwenye jiko.

"Wanagonga," ilisema sauti moja.

"Basi wanatufungulia. Moto umezimika."

"Sikiliza vizuri. Hiyo ni nyundo?"

"Ni mwiko wa mwashi."

"Wanapanga matofali," ikasema ile sauti ya upole. "Wanajenga ukuta. Moshi usiende upande wa mashine. Si kitu. Wakimaliza kuzima watabomoa. Nazzareno, punguza taa, tutunze mafuta. Anayetangulia kupanda amwambie Léonie nitachelewa kidogo. Asiimwage supu."

Makaa yalikuwa yanatatarika. Hapo wazee wote waliukumbuka ule ukuta wa njia ya kusini, kila aliyefanya kazi shimoni alishapita mbele yake na kuambiwa nyuma hakuna kitu.

Clothilde Pierrard akasimama. Alikuwa mwanamke mzito na magoti mabovu, alichukua muda kufika mlangoni. Akainama juu ya kishi, akasikiliza mpaka sauti zikarudia tena kuanzia kwenye koti. Halafu akainuka.

"Anselme Thouvenin alinifundisha kuendesha baiskeli," akasema. "Nilikuwa msichana mdogo. Na miaka yote hii nimemtukana." Akageukia meza yake. "Sogeeni! Mmekaa kama mmepandwa. Sogeeni, watu wapite."

Wakasogea. Marcelline akabeba kishi yake ya majani akaiweka kwenye meza ndefu, kati ya zile za nyama, na akakaa. Joto la jiko likamfika mgongoni. Aliona ajabu kidogo, maana miaka yote alidhani pale kuna joto zaidi ya lile.

Kishi ikagawanywa. Vipande vilikuwa vidogo kwa sababu kila mtu alitaka. Ottavio akala cha Nazzareno na akasema ni kweli, sigara Nazzareno alikuwa anamdai yeye, aliikopa Jumapili moja hakuirudisha. Ghislaine akala akasema chumvi imezidi.

Bwana Vasseur alikula vipande viwili. Alikuwa mkweli, hakujifanya kiziwi.

"Nimesikia," akasema. "Nimesikia kila neno, bibi."

"Basi mtabomoa ukuta?" Marcelline akamuuliza. "Kabla ya maji?"

Kijana akakunja kitambaa chake cha mkononi mara mbili. "Ukuta ni mali ya ofisi. Na ofisi ilishasema zamani kwamba zamu ile ilipanda yote. Ili waseme vingine inabidi apatikane mtu, au mfupa, au ushahidi wa maandishi."

"Na hawa?"

"Bibi, hawa ni liki. Ofisini kwetu hakuna mahali pa kuandika liki."

"Sasa mfupa mtaupataje kama hambomoi?" Clothilde akauliza.

"Hilo," akasema Bwana Vasseur, "nami nitaliuliza." Na nadhani aliuliza kweli, maana baada ya hapo walimhamisha kituo kingine.

Mwaka mpya ukaingia, pampu zikazimwa. Watu wa Hautmoncel walizoea mngurumo wake tangu kuzaliwa, usiku wa kwanza mbwa waliubwekea ule ukimya. Maji yakaanza kupanda chini kwa chini. Marcelline akashika jembe akaenda bustanini kuzitoa liki zilizobaki kabla maji hayajafika, na safari hii hakuzing'oa, alizichimbua na udongo wake, mizizi yake yote na vumbi lake jekundu, akazipakia kwenye toroli. Ghislaine akamsaidia kusukuma.

"Unazipeleka wapi? Si ukazioke basi."

"Hizi siyo za kuoka."

Wakapanda kilima mpaka makaburini. Pale kwenye kaburi la Léonie, Marcelline akachimba mtaro, mrefu kwenda chini kadiri mkono wake ulivyoweza, akazipanda liki mstari mmoja, akazifukia mpaka masikio.

Meya alikuja kumwambia kwamba sheria ya makaburi inaruhusu maua tu. Alisema kwa upole, alikuwa amekula kipande naye. Marcelline akamwambia avumilie, liki ukiiacha bila kuivuna nayo inachanua. Na kweli, majira ya joto yalipofika zikatoa vichwa vya mviringo, vya zambarau iliyofifia, vimejaa nyuki, maua kama sheria ilivyotaka.

Jua lilipozipasha, liki zikaanza kuongea tena, lakini wiki za kwanza pale kaburini hakukuwa na jipya. Ile sauti ya Anselme ilikuwa inasema yaleyale, nitachelewa, asiimwage supu, na hakuna aliyejibu. Marcelline alikuwa anakwenda jioni kumwagilia maji, anasimama kidogo, anarudi. Ghislaine alimwambia asitegemee sana, Léonie alikuwa mtu wa kununa, na mtu aliyenuna miaka yote ile huwezi kumharakisha.

Halafu siku moja mwisho wa Agosti, wakati watu wako juu ya ngazi wanachuma mirabeli, zile plamu ndogo za manjano, sauti ya mwanamke ikasikika kutoka kilimani, kali, mpaka kwenye bustani za chini.

"Kuchelewa kidogo? Hiyo ndiyo unaita kidogo?"

Watu wakatazamana juu ya miti, wakaendelea kuchuma.

Tangu siku hiyo ndiyo hali. Ukipita makaburini jioni utawasikia. Léonie anamsema mumewe: supu, kuni, mtoto aliugua nikamuuguza peke yangu, viatu vizuri vile nimevitupa kwa ajili yako. Anselme anajibu polepole, anaomba radhi, anaeleza habari za ukuta, anakatizwa, anaanza tena. Ofisini mjini hakuna kilichobadilika, ukuta umesimama ndani ya maji, na kwenye karatasi zao Anselme Thouvenin bado yuko Ubelgiji. Clothilde amepeleka malalamiko mara kadhaa, na kila mara wanamshukuru kwa kuandika.

Marcelline huenda na kigoda chake, anafuma soksi, anasikiliza. Hakuwahi kuwasikia wazazi wake wakigombana, na anasema ni kitu kizuri kuliko alivyofikiri. Jioni moja ya vuli Ghislaine alimkuta anafungasha vitu vyake mapema, akamuuliza vipi, leo wamenyamaza?

"Hapana," Marcelline akasema, akavuta geti la makaburi taratibu lisilie. "Wameanza kucheka. Nikaona niwaache."